Simba alimtafuna, hakusikia maumivu: maisha ya David Livingstone

Jina la David Livingstone linajulikana karibu kila mahali ambako bidhaa za Afrika Mashariki na Kati hupita. Uko mji wenye jina lake Zambia, jirani na Maporomoko ya Viktoria. Ipo kumbukumbu yake Ujiji, na nyingine Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Blantyre, kitovu cha biashara cha Malawi, umepewa jina la kijiji alikozaliwa. Shuleni watoto hufundishwa safari zake, jinsi alivyopinga biashara ya watumwa, na jinsi Stanley alivyomkuta. Mkono wake wa kushoto hautajwi sana. Hata hivyo, ni mkono huo uliomfanya aandike jambo ambalo wanaochunguza maumivu ya binadamu wamelirudia mara nyingi tangu hapo.

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, Scotland, katika familia iliyoishi chumba kimoja ndani ya jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Alipotimiza miaka 10 aliingizwa kiwandani. Kazi yake ilikuwa kuunganisha nyuzi zilizokatika kwenye mashine, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku, na baada ya hapo alikwenda darasa la usiku. Sehemu ya mshahara wake wa kwanza aliinunulia kitabu cha Kilatini.

Mwaka 1836 alianza kusoma utabibu mjini Glasgow, na mwaka 1840 alipata cheti chake. Upasuaji wa miaka hiyo haukuwa kama wa leo. Dawa ya usingizi haikuwapo. Mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu, na sifa ya daktari ilikuwa wepesi wa mkono: aliyekata mguu upesi ndiye aliyeitwa bingwa. Etha ilionyeshwa hadharani Boston, Marekani, mwaka 1846, na klorofomu ikaanza kutumika Edinburgh mwaka uliofuata. Livingstone alisoma kazi yake watu wakiwa macho na wakipiga mayowe. Maumivu aliyajua kwa kuyaona na kuyasikia kabla hayajamfika yeye mwenyewe.

Mwaka 1841 alifika kusini mwa Afrika kama mmisionari, na miaka miwili hivi baadaye akawa anaanzisha kituo Mabotsa, katika nchi ya Wakgatla, karibu na ulipo sasa mpaka wa Afrika Kusini na Botswana. Simba walikuwa wakivamia mazizi ya ng'ombe, hata mchana. Wanakijiji walijua kwamba akiuawa mmoja wengine huhama, lakini walikuwa wameshindwa kumpata huyo mmoja. Februari 1844 Livingstone, akiwa na umri wa miaka 30, alitoka nao kwenda kuwasaka.

Watu walikizunguka kilima chenye miti na kupanda taratibu wakikaribiana. Simba kadhaa waliuvunja mzingo na kutoroka. Walipokuwa wakirudi kijijini, Livingstone alimwona mmoja amekaa nyuma ya kichaka. Alilenga, akafyatua mitutu yote miwili, na risasi zikampata. Bunduki za wakati ule zilijazwa upya kwa kushindilia risasi mdomoni mwa mtutu. Alikuwa katika kushindilia aliposikia watu wakipiga kelele. Kugeuka, simba alikuwa tayari hewani.

Alimdaka begani na wote wawili wakaanguka chini. Mnyama alinguruma sikioni mwake na kumtikisa kama mbwa anavyomtikisa panya. Mfupa wa mkono wa juu ulipasuka vipande vipande. Mguu wa mbele wa simba ulikuwa umemkalia kisogoni, naye akajaribu kugeuza kichwa kuupunguza uzito. Katika kugeuka aliona macho ya simba yakimtazama mtu mwingine: Mebalwe, mwalimu Mtswana aliyekuwa msaidizi wake, akijaribu kupiga kutoka hatua chache. Bunduki ya Mebalwe ilikataa kuwaka mitutu yote miwili. Simba alimwacha Livingstone, akamrukia Mebalwe na kumng'ata paja. Mtu wa tatu, ambaye Livingstone alikuwa amemtibu alipopigwa na nyati, alikwenda na mkuki naye akang'atwa bega. Hapo risasi za mwanzo zikamaliza kazi, simba akaanguka akafa. Mkono wa Livingstone ulikuwa na alama 11 za meno.

Katika kitabu alichotoa mwaka 1857 alieleza kilichomshangaza yeye mwenyewe. Alipotikiswa mara ya kwanza, alipatwa na hali kama ya ndoto. Hakusikia maumivu, wala hofu. Akili yake ilikuwa timamu na alifuatilia kila kilichotendeka. Aliifananisha hali hiyo na ya mgonjwa aliyepewa klorofomu kidogo, anayeona kisu kikifanya kazi lakini hakihisi, na ya panya aliyeshikwa na paka. Akakisia kwamba huenda wanyama wote wanaouawa na wala nyama hupitia hali hiyo, na akamshukuru Mungu kwa rehema hiyo. Mfano wa klorofomu, bila shaka, ulimjia baadaye, kwa kuwa siku alipong'atwa dawa hiyo ilikuwa bado haijaanza kutumika.

Kwa elimu ya wakati wake, jambo hili lilikuwa gumu kueleza. Tangu karne ya 17, mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alikuwa amefundisha kwamba maumivu ni kama kamba ya kengele: ukivuta huku, kengele inalia kule. Jeraha dogo, mlio mdogo. Jeraha kubwa, mlio mkubwa. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyepasuliwa mfupa kwa meno ya simba alipaswa kuzimia kwa maumivu.

Sehemu ya hesabu hiyo ni kweli. Kwenye ngozi, misuli na mifupa kuna ncha za neva ambazo kazi yake ni kutambua hatari: joto kali, mkandamizo mkali, kemikali zinazomwagika seli zinapopasuka. Ncha hizo hupeleka ishara kwa nyuzi za aina mbili. Zipo za haraka, zinazosafiri mita kadhaa hadi zaidi ya 20 kwa sekunde. Hizo ndizo zinazomfanya mtu aondoe kidole kwenye sufuria ya moto papo hapo. Zipo na za polepole, zenye mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde, karibu sawa na mtu anayetembea. Hizo huleta yale maumivu mazito ya kuunguza yanayofuata nyuma. Ndiyo maana ukijigonga kidole cha mguu unapata kwanza mchomo, halafu kanafasi kadogo, halafu balaa lenyewe.

Lakini ishara hizo bado si maumivu. Zinaingia kwanza kwenye uti wa mgongo, na hapo zinakaguliwa. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango, ambalo linaweza kufunguliwa au kubanwa. Anayepita mipakani ataelewa bila shida: mzigo kufika forodhani si sawa na mzigo kuruhusiwa kuingia. Mambo mengi ya nadharia hiyo yamerekebishwa tangu hapo, ila wazo kubwa limesimama. Na anayetoa amri langoni si uti wa mgongo peke yake. Kutoka katikati ya ubongo zinashuka neva zinazoweza kuzuia ishara zisipande juu.

Kinachotumika kuzuia kilipatikana mwaka 1975, na kwa bahati kilipatikana Scotland, nchi ya Livingstone, katika mji wa Aberdeen. John Hughes na Hans Kosterlitz walichuja kutoka kwenye ubongo wa nguruwe kemikali zinazofanya kazi kama mofini. Mwili, kumbe, hujitengenezea dawa yake ya maumivu. Hatari ya kifo inapomkabili mtu, ubongo unaweza kuimwaga dawa hiyo na kulibana lango, kwa sababu wakati huo la muhimu ni kuokoka, na kilio cha mkono uliovunjika kingemchanganya tu. Vita vya Pili vya Dunia vilitoa ushahidi wa namna hiyo hiyo: daktari Mmarekani Henry Beecher aliwahoji askari waliojeruhiwa vibaya, na wengi wao hawakutaka dawa ya maumivu, ingawa raia wenye majeraha ya upasuaji madogo kuliko yao waliiomba.

Hapa kuna jambo la kuzingatiwa na kila anayesafiri na malori na pikipiki. Mtu anaweza kutoka kwenye ajali akiwa amesimama, anaokota mizigo yake, anabishana na dereva na kusema yuko salama, kumbe amevunjika au anavuja damu ndani. Kutosikia maumivu katika saa ya kwanza hakuthibitishi kitu, na anayeaga na kwenda kulala nyumba ya wageni bila kupimwa anajiweka hatarini. Livingstone alikuwa daktari na alikuwa macho muda wote, lakini kama angepimwa kwa maumivu aliyosikia chini ya simba, angeonekana hana jeraha.

Maumivu yake yalikuja baadaye, na hayakuondoka. Mfupa ulirudishiwa mahali pake bila dawa yoyote ya ganzi. Vidonda vilioza na kutoa usaha. Aliandika kwamba jeraha la jino la simba hufanana na la risasi, na kwamba maumivu hurudi sehemu hiyo kwa vipindi maisha yote. Yeye aliamini koti lake la sufu liliyafuta meno ya simba uchafu kabla hayajaingia mwilini, kwa kuwa wenzake wawili waliteseka kuliko yeye. Yule aliyeng'atwa bega alimwonyesha kidonda kikiwa kimefumuka upya mwezi uleule wa mwaka uliofuata. Mfupa wa Livingstone haukuunga sawasawa. Mahali ulipovunjika palibaki pakicheza kama kiungo cha pili. Hakuweza tena kuinua mkono ule juu ya bega, na ilibidi ajifunze kulenga bunduki upya.

Kwa mkono huo alikwenda mbali. Alikwenda Kuruman kujiuguza na huko akamchumbia Mary Moffat, binti wa mmisionari, wakaoana mwaka 1845. Kati ya 1853 na 1856 alivuka bara kutoka Luanda pwani ya Atlantiki hadi Quelimane pwani ya Bahari ya Hindi, akiugua homa mara kwa mara. Msafara wake wa Zambezi, 1858 hadi 1864, uligharimu maisha ya watu wengi, Mary akiwa mmojawapo. Livingstone alikuwa mtu mgumu kwa nafsi yake, na ugumu huo aliutarajia kwa wengine ambao hawakuuchagua. Hilo ni doa ambalo wapenzi wake hupenda kulipita haraka.

Aliporudi Uingereza mwaka 1864 alikuwa na tatizo jingine ambalo hakutaka litangazwe: bawasiri inayotoa damu. Alishauriwa apasuliwe. Sasa dawa ya usingizi ilikuwapo, na wapasuaji bora walikuwapo. Alikataa, hasa kwa kuogopa magazeti yasije yakaandika ugonjwa wa aina hiyo. Mwaka 1866 alishuka Unguja, akavuka hadi pwani ya kusini ya Tanzania ya leo na kuingia bara akiwa na ugonjwa wake. Januari 1867 mpagazi aliyetoroka aliondoka na sanduku la dawa. Livingstone aliona kama amesomewa hukumu ya kifo.

Mwaka 1870 alikwama Bambarre, Manyema, mashariki mwa Kongo, akiwa na donda ndugu miguuni. Akikanyaga chini, maji ya damu yalitoka. Alikaa ndani kwa wiki nyingi. Dawa iliyomfaa kidogo ilikuwa unga wa jiwe la kijani lenye shaba, uliochanganywa na maji na kupakwa kwa unyoya. Kilichomkaa rohoni zaidi ni watumwa waliokuwa na vidonda vilevile, wakiwa wamefungwa. Vilio vyao vilikuwa sehemu ya sauti za usiku katika kila kambi. Ni vizuri kukumbuka pia kwamba wakati huo yeye mwenyewe aliishi kwa msaada wa wafanyabiashara wa pwani waliomiliki watumwa. Mmoja wao, Muhammad Bogharib, alikuwa amemuuguza na kumbebesha kwa machela alipokuwa mahututi.

Mwishoni mwa 1871 Stanley alimkuta Ujiji akiwa dhaifu. Wakakaa pamoja miezi kadhaa, wakaachana karibu na Tabora Machi 1872. Stanley alimsihi arudi naye, alikataa. Agosti alielekea tena kusini, kwenye mabwawa ya Bangweulu, katika Zambia ya leo, mvua zikinyesha na damu ikimtoka kila siku. Aprili 1873 hakuweza tena kukaa juu ya punda. Wenzake wakamtengenezea kitanda cha miti na kumbeba.

Siku za mwisho walifika mto uliohitaji mtumbwi. Walipotaka kumwinua, hakuweza kuvumilia hata kiganja cha mtu kupita chini ya mgongo wake. Alimwomba Chuma ainame karibu kabisa ili ajishike shingoni mwake kwa mikono miwili, akamwelekeza asiguse kiuno. Hivyo ndivyo alivyohamishwa, polepole, akining'inia shingoni mwa kijana huyo.

Hii ni sura ya pili ya kazi ileile ya neva. Meno ya simba hayakumuuma. Kiganja cha rafiki kilimuuma. Kidonda au uvimbe unapodumu, seli zilizoumia hutoa kemikali zinazozifanya ncha za neva zishtuke kwa jambo dogo. Ishara zikiendelea kumiminika kwa siku na miezi, seli za uti wa mgongo nazo hubadilika, kama redio iliyopandishwa sauti ikakwama hapo; mtafiti Clifford Woolf alionyesha jambo hilo mwaka 1983. Mguso wa kawaida, hata wa nguo, unaweza kusomwa kama hatari. Mgonjwa wa namna hiyo hadeki wala haigizi. Langoni kwake, mzigo mdogo unaandikwa kama mkubwa, na ubongo unapokea hesabu hiyo kama ilivyoandikwa.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo. Walimkuta alfajiri amepiga magoti kando ya kitanda. Farijala, mmoja wa watu wake aliyewahi kufanya kazi kwa daktari Unguja, aliufungua mwili na kukuta bonge la damu iliyoganda tumboni. Moyo ulizikwa chini ya mti. Mwili ukatiwa chumvi na kuanikwa juani kwa wiki mbili, ukafungwa kwa magome ya mti na turubai. Susi, Chuma na wenzao wakaanza safari ya miezi tisa hivi kwenda Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,600.

Walipofika Kwihara, Waingereza waliokutana nao walishauri azikwe palepale. Walikataa. Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Wabebaji wakafunga mabua ya mtama kwa sanda kama maiti, watu sita wakayabeba kurudi nyuma kana kwamba wanakwenda kuzika, kisha wakayatupa msituni. Maiti yenyewe ilifungwa upya ikawa robota la vitambaa, na robota likapita pamoja na mizigo mingine bila mtu kuuliza. Februari 1874 walifika Bagamoyo.

London kulikuwa na wasiwasi kama kweli aliyeletwa ni Livingstone. Aprili 1874 daktari mpasuaji Sir William Fergusson aliitwa kuukagua mwili. Uso haukutambulika tena. Alishika mkono wa kushoto, akapapasa mfupa, akakuta mahali palipovunjika miaka 30 nyuma bado panacheza. Aprili 18 maiti ilizikwa katika kanisa la Westminster, na Jacob Wainwright, mmoja wa waliombeba kutoka Chitambo, alikuwa miongoni mwa wabeba jeneza. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya mazishi kwisha. Walikaa na rafiki wa marehemu, Horace Waller, aliyekuwa akitayarisha shajara za mwisho, wakamsimulia yale ambayo Livingstone hakuwa tena na nguvu ya kuyaandika, pamoja na habari ya kiganja chini ya mgongo.